Sidii ya Pili

Siku hizi vijana wangu hunionyesha filamu za kuvuruga akili, wananiambia nitashangaa. Nishangae nini? Nikipita Majengo, nikanusa magunia ya karanga, naikumbuka ile moja tu.

Utotoni, banda la video la mtaani kwetu hapo Majengo lilizibwa madirisha kwa magunia hayo, mchana ukawa giza. Sheria tuliijua sote: steringi, shujaa wa filamu, hafi. Siku hiyo, filamu haijakolea hata kidogo, steringi akapigwa risasi, akazikwa. Mwenye banda akabadilisha sidii, mara steringi huyo, anacheka na mkewe.

"Amefufuka!" tukapiga kelele.

"Samahanini jamani," akasema mwenye banda, "nilitanguliza sidii ya pili."

Bibi yangu hakumsikia. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo, amekuja kunirudisha nyumbani. Wiki ile tulikuwa tumemzika babu.

"Mjukuu wangu," akanong'ona, macho kwenye runinga, "kumbe wanarudi?"

"Wanarudi, bibi."

Akaiweka fimbo chini, akaketi kando yangu. Tukaitazama sidii hiyo ya kwanza mpaka mwisho, na mpaka mwisho steringi alikuwa mzima.