Mikanda Kutoka Barabarani Hadi Mtoni

Juzi, nikitoka Bungoma kwenda Kitale, niliteremka njiani kutazama shamba nililokulia. Soja wa langoni alinizuia. "Madam, unatafuta nani hapa?" Sikuwa na jina la kumtajia.

Nikwambie palivyokuwa. Familia zetu, nyingine za Bungoma, nyingine kutoka mkoa wa kati, zilinunua shamba la mzungu kwa pamoja na kulilima kwa pamoja. Alfajiri mwenyekiti aligonga kipande cha reli, na kila nyumba ikatoa mtu. Plau zilikata mteremko kwa ubavu, si kwa kushuka, ng'ombe wakihema, udongo ukinuka mvua. Sisi wasichana tulipeleka uji wa wimbi na viazi vitamu vyenye majivu bado kwenye maganda. Nyanya yangu alikuwa mjane asiye na ng'ombe hata mmoja, lakini ghala lake lilijaa kama la wengine. Ndiyo maana aliogopa kugawanywa kwa shamba kuliko njaa.

Mwishowe watu walitaka kila mtu awe na hati yake. Mkutano ulifanyika kwenye josho la ng'ombe.

"Nyinyi mna ng'ombe," nyanya alisema. "Mimi nitalima na nini, na meno?"

Watu walicheka. Jirani yetu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwetu, akasema, "Kukhu, si tutakuja kukulimia! Ati tukigawana ndio tunakuwa maadui?"

"Mtakuja, bana. Mkishapanda kwenu."

Hakuna aliyekubali kukosa barabara, wala kukosa mto. Kwa hiyo, kwa haki kabisa, walipima mikanda mirefu myembamba, kila mmoja ukianzia barabarani juu na kuishia mtoni chini. Siku hiyo tulikula nyama. Lakini kwa upana wa mkanda ule ng'ombe wa plau hawakuweza kugeuka, ikabidi kila mtu alime akishuka na mteremko. Mvua ilifuata mitaro ya plau na kubeba udongo wote mzuri hadi mtoni.

Jirani alikuja kweli, mahindi ya wengine yakiwa yamefika magotini. Nyanya alipanda hivyo hivyo, akavuna mabua.

Baada ya misimu michache ya mavuno haba mtu wa mjini mwenye trekta alikodi mikanda yetu, wa nyanya na wa jirani ikiwamo. Aling'oa mawe ya mipaka, akalima kwa ubavu, kama zamani. Baadaye aliinunua. Nyanya na jirani walikwenda kupalilia huko kama vibarua. Niliwaona wakiinama bega kwa bega katika mahindi ambayo hata debe moja lisingeingia nyumbani kwao.

Wote wawili wamekufa. Nikiwasimulia wanangu kwamba watu waliwahi kulima pamoja vile, wananisikiliza kwa adabu, kisha mdogo anauliza, "Na bosi alikuwa nani?"