Kitambaa cha Shangazi na Kompyuta Ndogo

Shangazi yangu ana duka dogo la kuchapa barua hapa Bilele, na meza yake imejaa. Nikajitolea kumuundia kompyuta ndogo ya kukaa kwenye rafu, pembeni ya printa. Akawatangazia wateja kwamba mtoto wa kaka yake ni mtaalamu.

Nilipima rafu, nikachagua kasha dogo kuliko yote, nikaagiza vifaa kimoja kimoja nikiviandika kwenye daftari. Shangazi alipopiga simu kuuliza vipimo vya kasha, nilimsomea kwa sauti ya mhandisi.

Vifaa vilipofika, kila kitu kiliingia isipokuwa feni ya kupoza prosesa. Urefu wake sikuwa nimeupima wala kuuandika. Mfuniko ulibaki juu kwa vidole viwili. Nikaushikiza kwa selotepu nyeusi, nikaipeleka kompyuta dukani hivyo hivyo.

"Mbona juu pameinuka?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo muundo mpya, Shangazi. Unapitisha hewa vizuri."

Alifungua droo akatoa kitambaa cheupe alichokifuma wiki nzima, kilichoungwa pande nne kama mfuko, chenye maua kwenye pindo, cha kuifunika kompyuta yake mpya. Akaivisha taratibu mbele ya wateja watatu. Kikaishia vidole viwili kabla ya kufika chini.

Alikivuta tena. Wateja wakainama kutazama.

"Mimi nilifuata vipimo ulivyonisomea," alisema kwa upole, akinishika bega. "Wewe, mwanangu, ulifuata vya nani?"