Tulipotoa Zamu Zetu Kumpata Odhiambo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi ya baridi, tumekaa sebuleni kwangu Langley Park, viatu vimejazana mlangoni, tunabishana kuhusu mtu mmoja aitwaye Odhiambo.

Wakati huo nilikuwa kijana, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa na ligi yetu ndogo ya kiangazi, timu chache tu za vitongoji vya Maryland, Marekani. Kila mwaka kabla ya ligi kuanza, vijana waliotaka kujiunga walijaribiwa katika ukumbi mmoja kule Lanham, kisha timu zikawachagua kwa zamu. Iliyoshika mkia mwaka uliopita ndiyo iliyoanza kuchagua. Mkia tulikuwa tumeushika sisi, kwa hiyo zamu ya kwanza ilikuwa yetu.

Basi timu ya Upper Marlboro ikatuletea ujumbe: tuwaachie zamu yetu ya mwaka ule na ya mwaka unaofuata, nao watupe Odhiambo, Mkenya wa Kisumu, mfungaji aliyeogopwa kuliko wote. Mimi nilikataa. Nilikuwa nimekwisha kumwona kijana mmoja mrefu aitwaye Kevin, mtoto wa Watanzania, ndiyo kwanza amemaliza sekondari, anaruka kama ana springi miguuni.

"Odhiambo anazeeka," nikawaambia wenzangu. "Kevin ana miaka mingi mbele yake. Tuvumilie misimu miwili mitatu, mtaona."

Kocha wetu alikuwa Bi Zuhura, muuguzi, mwenyeji wa Tanga, aliyeichezea timu ya mkoa wake ujanani. Alikuwa mtu wa kukusikiliza hadi umalize. Aliweka kikombe chake chini, akaniuliza, "Musa, hiyo timu ya misimu mitatu ijayo, nani yumo?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikawatazama waliokaa. Daudi, rafiki yangu, alikuwa anarudi Moshi moja kwa moja mwisho wa mwaka. Rajabu, mchezaji wetu mwingine, mkewe alikuwa amepata kazi Texas, nao walikuwa wanahamia huko.

"Nyie wanangu kila kitu mmekiweka kesho," akasema Bi Zuhura. "Nyumba mtajenga kesho. Masomo mtarudia kesho. Kuoa, kesho. Sasa hata mchezo mnataka kuuweka kesho? Huyu Daudi ameshindwa pamoja nawe misimu yote hii, goti limefungwa bandeji. Atakapokuwa Moshi utampa nini, picha za Kevin?"

Daudi akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ningependa kushinda kabla sijaondoka. Basi."

Nilinuna, sikufichi. Lakini siku iliyofuata nilimpigia simu nahodha wa Upper Marlboro nikakubali.

Odhiambo alipokuja mazoezini, aliweka begi chini akatuangalia mmoja mmoja. "Msinipee maneno mingi," akasema. "Mnataka kushinda ama mnataka kuongea?" Kiangazi kile hatukuongea sana. Yeye akiwavuta mabeki wawili, Daudi anabaki peke yake anafunga. Fainali tuliongoza tangu dakika za mwanzo mpaka kipenga cha mwisho. Daudi alikaa sakafuni katikati ya uwanja, anacheka, akakataa kunyanyuka hadi mlinzi alipoanza kuzima taa.

Na Kevin je? Upper Marlboro walimchagua kwa zamu yetu ile, naye akawa vile vile nilivyosema. Mwaka uliofuata alitufunga atakavyo, na uliofuata huo pia. Odhiambo alikuwa amepunguza mbio, Daudi na Rajabu hawapo, na watu wa ukumbi ule wa Lanham walinitania sana. Nilipomlalamikia Bi Zuhura, alinijibu bila kusitasita, "Ulimwona sawasawa, Musa. Kijana ni mzuri. Lakini yeye hakuwa wetu bado, na Daudi alikuwa wetu." Ningerudishwa kwenye kikao kile, ningempigia simu nahodha yule jioni ile ile.

Mwanangu, sikuambii usijiwekee akiba ya kesho. Jiwekee. Mimi nimeweka, na wanangu wamesomea hicho nilichoweka. Ila kabla hujaahirisha jambo, watazame walio nawe leo, ujiulize nani atakuwepo siku utakapolipata. Kama mama yako anatamani kukuona mwaka huu, nenda mwaka huu. Kama kuna mtu mnayeweza kufanikiwa naye sasa, anza naye sasa. Na ukishachagua, ulichokiacha kinaweza kustawi mbele ya macho yako. Usikionee kijicho wala usijilaumu. Kipigie makofi, uendelee na lako.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu wako wangali karibu, na afya ya kufurahi nao. Kesho yako, ikifika, ikukute huna deni la furaha kwa mtu yeyote. Amina.