Nyama Kwenye Kabati la Suti

Mkitaka kumjua wifi yangu Recheli, msimuulize yeye, maana atawaambia hana lolote. Niulizeni mimi. Kaka yangu Jilala ndiye aliyemuoa akamleta hapa Ipole, na tangu siku hiyo hakuna bati wala bomba bovu lililotupwa likapumzika. Mwanamke ana mikono, jamani!

Mwaka jana kwaya ya Kitete ilitutembelea kanisani. Nyama ililala bila friji, ikaharibika, wageni wakala maharage. Aliyekuwa jikoni ni Recheli. Mwenyekiti wa akina mama, Eustadia, akasema mbele za watu, "Huyu tusimpe tena hata chumvi ashike." Najua neno hilo lilimkaa Recheli rohoni. Mwaka huu tuliposikia kwaya inarudi, akasimama mwenyewe kikaoni: "Nyama niachieni mimi. Ikiharibika, sufuria ya kanisa sigusi tena maishani." Weee! Nilimvuta gauni akae, wapi.

Akaanza kuunda mtambo wa kukausha nyama kwa moshi. Alichukua pipa la mafuta ya kula, akalikata mlango ubavuni. Ndani akaweka wavu wa waya wa kupangia samaki, na juu yake vyuma vya kutundikia nyama na kuku. Moto hakuuweka chini ya pipa. Aliuchimbia shimo pembeni, moshi upite kwenye bomba refu alilotoa kwenye bani bovu la kukaushia tumbaku.

"Nataka moshi ufike umepoa, wifi," aliniambia. "Moto ukiwa karibu, nyama inaungua nje, ndani inabaki mbichi." Na bomba lenyewe linachomoka, apate kulisafisha.

Kazi safi kabisa. Ila mlango ulikuwa na nyufa, na yeye, mke wa mfuga nyuki, akaziziba kwa nta! Nta ndiyo Jilala anayopaka kwenye mizinga ili nyuki waje. Basi wakaja. Siku ya kuletwa nyama, paja zima la ng'ombe, tulikuta pipa linavuma, kundi zima limehamia.

"Wafukuze," Recheli akamwambia mumewe.

"Nyuki waliokuja wenyewe? Thubutu! Hiyo ni baraka, Mama Mathias."

"Na nyama? Wageni wanakuja kesho!"

"Wapikie maharage."

Haki ya Mungu, kaka yangu alisema hivyo. Nilitaka kumchapa mwiko. Recheli aligeuka. Aliingia chumbani, tukasikia kitu kinaburuzwa, akatokea uani na kabati la suti la Jilala, la mninga, jipya, hata vanishi halijapigwa. Suti aliitundika msumarini. Akashika msumeno.

"Mama Mathias, unafanya nini?"

"Nyuki wamechukua nyumba ya nyama. Nyama inachukua nyumba ya suti."

Akatoboa tundu chini la kuingizia moshi, na lingine juu la kuutoa. Jilala alipoona tunalisogelea pipa tukachomoe bomba tulipeleke kwenye kabati, akatukemea tukae mbali, akalichomoa mwenyewe taratibu, akaliziba tundu kwa kitambaa. Sikumsifu, maana nilikuwa bado nina hasira naye. Tulikata nyama vipande virefu, tukaipaka chumvi, tukaitundika pale pale ilipokuwa inaning'inia suruali ya harusi. Recheli akawasha kuni za mpera, akavuta kigoda, akakaa kuulinda moto. Kila nikimwambia akapumzike ananiambia, "Bado, wifi."

Kesho yake kwaya ilikula nyama ya moshi kwa mchuzi wa karanga hadi wakaacha kuongea. Kaka yangu, ndani ya suti inayonuka kama paja la ng'ombe, alizunguka akijitapa kwa wageni, "Kabati ni langu lile!" Hana aibu huyo. Ameshasema pipa libaki kwa nyuki na kabati libaki uani.

Nami macho yangu yalikuwa kwa Eustadia. Alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja hadi pale Recheli alipokuwa anapakua karibu na shimo la moto.

"Niongeze," akasema, "halafu nifundishe."

Recheli alimwekea kipande kikubwa, kisha akageuka upesi akajifuta macho kwa kanga. Alisema ni moshi. Lakini moshi ulikuwa unakuja upande wangu.