Video ya marehemu papa iko kwenye cloud, code iko kwa mwanamuke wa Bunia asiyenijua

Wakuu, na nyinyi wamama munaosoma kimya kimya, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo sitapamba kitu. Yamenipata mimi mwenyewe.

Papa alipougua, alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba yetu ya mutaa wa Murara, nikamuchukua video. Alisema wazi kuhusu kiwanja chetu: "Hii parcelle ni ya binti yangu na batoto yake. Mutu asimusumbue."

Aliogopa wadogo zake. Kwao, mutoto mwanamuke haachiwi udongo.

Video niliiweka kwenye disque dur ya nje, ile nzito ya zamani ya kuhifadhia mafaili. Kila tulipokimbia niliifunga kwenye kitenge pamoja na mutoto. Ilipona vita. Haikupona fundi.

Ordinateur yangu, kompyuta ya nyumbani, ilipokufa nilinunua mpya, nyembamba kama sahani. Matundu ya pembeni ni madogo tu, waya wa disque hauingii. Nikaenda kwa fundi wa mutaani, mutu tunayesali naye kanisa moja.

"Mama Gloire, disque ni mambo ya kale. Siku moja itaanguka utalia. Tuweke yote kwenye cloud, mawinguni huko kwenye internet."

Kumbe kawaya ka kuunganisha disque na machine mpya kalikuwa kananing'inia ukutani kwake. Mimi sikujua kuuliza. Yeye alijua, akanyamaza.

Simu yangu niliiacha nyumbani, imezimika. Akafungua compte, akaunti yangu, kwa namba yake. Password nilichagua mimi, nikaandika kwenye daftari, nikajiona mujanja. Akanionyesha video inacheza kwenye machine yake. Papa huyo, anasema.

Kisha akafuta disque yangu, akaijaza filme. "Nimekuwekea za batoto, mama, bure!"

Nikamushukuru. Ndiyo, nilimushukuru.

Nyumbani sikufungua hata mara moja. Megas za internet ni ghali, nikasema nitafungua siku ya lazima.

Papa akafariki. Matanga yalipoisha tu, papa mudogo akaita kikao cha familia: muzee hakuacha neno lolote, parcelle irudi kwa wadogo zake. Nikasema ngojeni, nitawasikilizisha sauti yake.

Nikaingiza password mbele ya wote. Ikakubali. Halafu ikaomba code iliyotumwa kwenye namba fulani: nyota, nyota, tarakimu mbili za mwisho. Si zangu.

Nikamupigia fundi kwenye namba yake ya sasa. "Eh, mama, ile laini niliacha zamani."

Tukaipiga. Ikaitika! Mwanamuke, yuko Bunia, kampuni ya simu ilimuuzia ile namba. Nikamuomba kwa heshima zote: mama yangu, tafazali, nisomee code iliyoingia kwenye simu yako.

"Wezi nyinyi! Mumezoea! Code haipewi mutu!" Akakata, akanibloka.

Na hapo ndipo ninaungua zaidi: alifanya vizuri. Hata mimi ningekata.

Papa mudogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Muzee yuko mbinguni, video yake iko mawinguni. Basi panda, utuletee wote wawili!"

Wakacheka wote. Shangazi yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu siku ile nachukua video, akaangalia chini.

Mwisho wa mwezi natoka kwenye nyumba na batoto.

Nimejifunza hivi, na nimejifunza vibaya: usikubali disque ya zamani ifutwe kabla hujafungua vitu vyako wewe mwenyewe, nyumbani kwako, kwenye machine nyingine. Na password bila namba yako ni nusu ya ufunguo.

Mwenye kujua njia ya kuingia bila ile code, aandike hapa chini, nasoma zote. Wa kuniambia ningeweka copy tatu, apite tu.

Na wewe mama, kabla ya kucomment, fungua compte yako uangalie namba iliyoandikwa mule ni ya nani. Kama ni ya bwana, ya shemeji au ya fundi, badilisha leo, angali anapokea simu yako.