Sinia Lililolimwa

Harufu ya ukwaju uliorowekwa ikinipata popote, hata kanisani, pua yangu hutimua mbio kurudi Temeke na kuniacha kwenye benchi bila pua. Nasema Temeke ya enzi za Mwingereza, ya mchanga mtupu, ambako kipande cha sabuni kiliheshimiwa kama mgeni. Sufuria tulizisugua kwa majivu, mchanga na makumbi ya nazi, zikameta hadi kunguru wakaja kujitazamia humo. Hayo niliyaona mwenyewe. Shule ya usiku ilinifundisha kuyaandika tu.

Sisi tulitoka Tabora, baba akiwa karani bandarini. Jirani yetu, Bi Mwanahawa, alizaliwa palepale, na ndiye aliyemzalisha mama siku ya uchungu wa mdogo wangu. Mtoto alipobatizwa, akatuazima sinia la shaba lenye nakshi za maua, aliloachiwa na marehemu mama yake. Kesho yake mama, kwa kutaka lirudi linang'aa kuliko lilivyokuja, akalipiga majivu na mchanga kama sufuria zetu. Alisugua mpaka jasho likatosha kumwagilia tuta zima. Alipolisuuza, maua yalikuwa yamefifia na shaba imejaa mikwaruzo. Akakaa chini ghafla. Mji mzima hatukuwa na ndugu mwingine ila mwanamke yule.

Hodi ikaingia uani naye akafuata. “Shikamoo, Bi Mwanahawa,” mama alisema kwa sauti ya mgonjwa. Bi Mwanahawa aliitikia, akalichukua sinia, akaligeuzageuza juani, akaligeuza tena, hata jogoo wetu akazeeka.

“Mama Sesilia,” akamwita kwa jina langu, “hili umelisugua au umelilima?”

“Nisamehe, mama. Sikujua.”

“Mkono wa jembe huo! Shaba haitaki mchanga, mwenzangu. Shaba inabembelezwa.”

Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alinituma kwake nikalete ukwaju. Wakauroweka, wakaukamua, wakalipaka sinia, wakalisugua pamoja taratibu kwa kitambaa laini. Mng'ao ukarudi. Mikwaruzo ikabaki.

Alipoinuka kuondoka akaiona bustani yetu nyuma ya jiko, iliyokunywa maji ya vyombo kila siku: mchicha wa kumficha askari na baiskeli yake, na bamia safi bila mdudu hata mmoja.

“Ala! Bamia zangu zimemalizwa na vidukari. Wewe zako unazipa nini?”

Mama akacheka, mara ya kwanza siku ile. “Majivu hayohayo, mama. Nayanyunyiza asubuhi kabla umande haujakauka. Jioni, maji ya pilipili.”

“Kumbe yana kazi, ila yalipotea njia!”

Tangu hapo majivu yalikwenda kwake kwa ndoo, na ukwaju ukaja kwetu kwa kapu, mpaka nikaota mabega ya mchukuzi.

Leo wajukuu wangu hununua chupa zenye picha ya limau, dawa ya kuoshea vyombo ambayo haijawahi hata kuamkiana na limau, na nyingine ya wadudu inayopulizwa watu wameziba pua. Mimi bado nina ukwaju wangu, majivu yangu, na sinia lile. Wananiambia yuko fundi wa kuondoa mikwaruzo. Nakataa. Siku ya harusi yangu, Bi Mwanahawa alikuja na mkongojo, akaniwekea sinia mapajani, akasema, “Chukua, mwanangu. Mama yako ameshalilima. Wewe vuna.”