Afisa Aliyepokelewa Kama Mkwe

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, pikapu ilirudi kinyumenyume hadi mlangoni petu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na mke wangu akaanza kupakia sufuria ambazo hazikuwa zetu. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai. Nilimuuliza ni za nani.

"Leo ni za ndugu yangu," alisema. "Kesho tutaona."

Ndugu yake, yaani shemeji yangu, hakuwa mkimbizi kama sisi. Alikuja kutoka Bukavu na pasipoti iliyogongwa muhuri mpakani, na benki alikuwa na pesa za kiwanja cha familia walichouza. Alitaka kuuza vitenge Lilongwe, kihalali. Sisi sheria inatutaka tukae kambini. Yeye, kwa kuwa ni mgeni mwenye mtaji, sheria hiyohiyo inamruhusu kuomba kibali cha mwekezaji. Neno hilo mke wangu hakuweza kulisema bila kucheka, kwa sababu mwekezaji alikuwa amevaa soksi zangu.

Sheria hiyo nilikuwa nimeisoma mwenyewe kwenye simu, kamusi ikiwa pembeni, kifungu kwa kifungu, na faili lake tuliliandaa pamoja. Halikuwa na upungufu. Kilichobaki ni afisa wa uhamiaji kufika Area 36, mtaa wa Lilongwe alikopanga chumba cha duka, na kuona kwa macho yake kwamba duka lipo. Angekuja siku hiyo, Jumanne. Ruhusa ya shemeji ya kukaa nchini ilikuwa inaisha Ijumaa. Afisa akiandika kwamba hakuna biashara, shemeji angerudi Bukavu, na kule kiwanja hakikuwepo tena.

Sasa, marobota mengi ya vitenge yalikuwa bado njiani kutoka Tanzania. Dukani vilikuwepo vya kujaza rafu tatu. Rafu nyingine zilikuwa tupu kabisa, na jambo hilo mke wangu alilijua tangu Jumapili, akalipeleka kanisani.

Lazima nieleze desturi yetu. Kwetu, wakwe wakitangaza siku ya kuleta mahari, ukoo wa binti huazima makochi, mapazia na sahani za mtaa mzima. Wakwe wanajua. Hawasemi, kwa sababu suti walizovaa nao wameziazima. Hakuna anayedanganywa, kila upande unaonyesha kwamba una watu wa kuusitiri. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba afisa wa uhamiaji ni mkwe.

Kwa hiyo pikapu iliondoka na sufuria za jirani yetu, mama mmoja wa Fizi, masanduku ya shemasi, mabeseni, na gunia la usipa, dagaa wa huku. Wenye mali nao walipanda, kila mmoja na ruhusa yake ya siku moja ya kutoka kambini. Hakuna aliyekubali mali yake isafiri peke yake. Njiani wakakubaliana kwamba afisa akifika, wao watakuwa wateja.

Mimi nilipinga, kisha nikapanga. Siwezi kuona vitu vimerundikwa. Kufikia saa tatu sufuria zilikuwa zimesimama kwa ukubwa, mabeseni kwa rangi, usipa karibu na mlango kwa sababu za harufu. Shemeji alikaa nyuma ya kaunta, amefunga tai. Lilikuwa duka zuri kuliko yote ya mtaa ule.

Afisa aliingia, mtu mwembamba, mpole, faili kwapani. Alizungumza Chichewa, nami nikawa mkalimani. Aliwasalimu wateja, akakaribishwa kiti, akafungua faili, akatazama rafu, akarudi kwenye faili. Aliuliza kwa nini biashara iliyoandikwa ni ya vitenge, na yeye anaona samaki.

"Mwambie banunuzi ba vitenge nabo banakulaka," shemeji alisema.

Nilitafsiri kwa heshima zaidi kuliko hivyo. Afisa akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha kalamu kuelekea sufuria kubwa kuliko zote, akauliza bei. Shemeji hajawahi kununua sufuria maishani mwake. Alisema kwacha elfu kumi na tano.

Nyuma yangu mteja mmoja alikohoa. Shemeji hakuelewa. Mteja akakohoa tena, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Elfu kumi na tano? We kijana, hiyo ni elfu makumi sita. Na kwa elfu makumi sita ni kwa sababu naona uko mtoto wa kanisa."

Afisa hakuhitaji mkalimani. Alimtazama mama wa Fizi kwa muda, akaniambia kwamba amekagua maduka mengi, na hajawahi kukuta mteja anayepandisha bei. Akaongeza kwamba elfu kumi na tano yeye anayo, akaishika sufuria kwa mshikio mmoja. Mama akaushika wa pili. Wakabaki hivyo, afisa akitabasamu, mama bila kutabasamu hata kidogo, naye akaivuta mpaka mshikio wake ukang'oka.

Shemeji akasimama, akalegeza tai.

"Mwambie tu ukweli, shemeji," alisema. "Vitenge njo vyangu. Ile ingine yote ni ya bantu. Baliogopa nipate haya."

Nilimwambia ukweli, na kwa kuwa ukweli peke yake ulisikika vibaya, nikamweleza pia habari za makochi na wakwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama basi kuna binti ambaye yeye anapaswa kumwoa, maana hakujiandaa. Wateja wakacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba anaandika anachokiona, na kwamba atasubiri mpaka kisicho cha duka kitoke.

Tukatoa. Masanduku, mabeseni, sufuria. Usipa ulimwagika mlangoni, na kila aliyepita akaukanyaga. Mwishowe shemasi akaja akasimama mbele ya afisa, ameinamisha kichwa, mikono nyuma. Kiti kile kilikuwa chake. Afisa akainuka bila kuulizwa, akampa, na kazi iliyobaki akaifanya wima.

Zikabaki rafu tatu. Alishika kitenge kimoja, akauliza bei. Shemeji akaitaja, na hakuna aliyekohoa. Akauliza ni kwa nini cha pembeni yake ni ghali zaidi, na shemeji akaeleza rangi inavyoingia pande zote mbili za kitambaa na isivyoingia, akaeleza mpaka nikachoka kutafsiri. Afisa akaomba karatasi za forodha za marobota yaliyoko njiani, akazisoma, akaandika kwa muda mrefu huku tukitazama mkono wake.

Nje, mama wa Fizi alikuwa amekalia sufuria yake.

"Bakimrudisha Bukavu," alimwambia mke wangu, "mimi nitaishonesha hii sufuria mshikio kwa fundi, na roho itaniuma miaka yote."

Afisa alitoka, akasema zikomo, yaani asante, kwa kila mmoja, mwenye sufuria pia, akaenda zake. Alhamisi shemeji aliitwa ofisini. Alichokuwa ameandika afisa kilikuwa sentensi mbili: biashara ipo, ni ndogo, ni ya vitenge peke yake. Kibali kikatoka siku hiyohiyo alasiri, na shemeji alinisomea kwa simu, nami upande huu nikamsahihisha matamshi.

Jumamosi alikuja kambini kulipa, maana alisisitiza gharama zote ziwe zake. Mke wangu anasema pikapu si hasara, ni heshima. Mimi nimeiweka kwenye hesabu niliyompa shemeji: pikapu kwenda na kurudi, nsima, yaani ugali, ya wateja ambao hawakununua kitu, usipa uliokanyagwa, na mshikio wa sufuria. Jumla, kwacha laki moja, elfu hamsini na tisa na mia tano.